Farasi Anyolewe Lini, Avikwe Lini?

Juma hili tunaziweka kando barua za kuku na mbuzi ili tushughulikie barua moja isiyofanana na zile tulizozizoea. Imetoka kwa mama mmoja, mke wa askari polisi, ambaye binti yake yuko Uingereza akifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi wa watu. Mwenye farasi amesafiri. Amemwachia binti farasi mmoja mwenye umri wa miaka 14, mashine ya kunyolea, mablanketi matatu ya uzito mbalimbali, na maneno mawili tu: "Utaamua mwenyewe." Binti kamwandikia mama yake, na mama katuandikia sisi. Auliza: mnyama huyu anyolewe lini, na avikwe blanketi lini? Mwishoni mwa barua ameongeza swali lake mwenyewe, ambalo twakiri limetupendeza zaidi: ni akili gani hiyo ya kumvua mnyama koti alilopewa na Mwenyezi Mungu, kisha kumnunulia jingine dukani?

Tuanze na swali la mama, kwa maana ndani yake mna jibu la binti.

Majira yanayozungumzwa ni yale ya kuanzia Septemba hadi Novemba. Vitabu vyetu huyaita vuli, na neno hilo laweza kumpoteza msomaji, kwa sababu vuli tunayoijua sisi ni mvua. Vuli ya Uingereza ni majani kupukutika, ukungu wa asubuhi, mchana wa joto la digrii 15 na usiku unaoweza kushuka chini ya digrii 5, yote hayo katika siku moja. Mtu huamka amevaa sweta, ikifika adhuhuri amelivua, na jioni analitafuta tena. Hapo ndipo ugumu wa kuamua unapotoka.

Farasi wa nchi hizo hubadili vazi mara mbili kwa mwaka, na kinachomwamrisha zaidi si baridi bali mwanga. Mjini London mwezi Juni mchana huwa na saa zaidi ya 16. Mwezi Desemba haufiki saa 8. Kadiri usiku unavyorefuka, ndivyo tezi ndogo iliyomo ndani ya ubongo inavyotoa kwa muda mrefu zaidi kemikali iitwayo melatonini, na kwa njia hiyo mwili hupata habari kwamba wakati wa kujiandaa umewadia. Ndiyo maana hata Agosti ikiwa ya jua kali, nywele fupi za kiangazi huanza kutoka na nyingine ndefu na nene huanza kuchipua. Kufikia Oktoba farasi amekwisha kuvaa. Na baada ya tarehe 21 Desemba hivi, siku zinapoanza kurefuka tena, mwili huanza maandalizi ya kuvua, ingawa nje theluji ingalipo.

Sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta hatuna ishara hiyo. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Tena farasi wenyewe hatukuwazoea, kwa sababu ya mbung'o. Katika vita vya 1914 hadi 1918 farasi na nyumbu walioletwa Afrika ya Mashariki kubeba askari na mizigo walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana, na hakuna blanketi ambalo lingeweza kuwaokoa.

Vazi la farasi la majira ya baridi ni bora kuliko tunavyolidhania. Kila unywele una msuli mdogo sana kwenye shina lake, na baridi ikiingia, misuli hiyo huzisimamisha nywele, hewa ikanaswa katikati yake na kugeuka kuwa godoro. Ngozi hutoa mafuta yanayoyateremsha matone ya mvua kabla hayajafika chini. Kukiwa na upepo, farasi huugeuzia makalio na kuinamisha kichwa, na mkia wake humkinga. Mtu akiona theluji imelala juu ya mgongo wa farasi bila kuyeyuka, asimwonee huruma upesi. Hiyo ni dalili kwamba joto la mwili halipotei nje. Adui wa vazi hili ni maji mengi pamoja na upepo. Nywele zikilowa hadi kwenye ngozi hulala, hewa ikatoka, na godoro likawa kitambaa kilichorowa.

Basi, kwa nini anyolewe? Kwa sababu ya jasho. Farasi wa kilo 500 akipiga mbio kwa nusu saa hutoa joto jingi mno, na akiwa ndani ya koti zito hulowa jasho toka masikioni hadi kwenye kwato. Mpanda farasi hushuka, akaenda kunywa chai yake. Farasi hubaki bandani ameloa, jua limetua saa kumi na moja jioni, na baridi inaingia. Kumkausha mnyama wa namna hiyo ni kazi ya saa mbili au tatu. Asipokaushwa, hutetemeka usiku kucha, na chakula alichokula kwa ajili ya kunenepa hukitumia chote kwa kujipasha moto. Kwa hiyo, mama, jibu ni kwamba farasi hunyolewa si ili awe mtanashati, bali kwa kuwa amepewa kazi ambayo asingeifanya angekuwa mwituni. Sisi ndio tuliomtoa jasho. Ni juu yetu kulikausha.

Hapa ndipo binti anapopaswa kuanzia. Kabla hajatazama kalenda, na kabla hajatazama farasi wa jirani, ajiulize: farasi huyu atafanya kazi gani kuanzia sasa hadi Februari? Ikiwa atapandwa Jumamosi tu, kwa mwendo wa kutembea na wa matiti kidogo, asinyolewe kabisa. Ikiwa ni mzee aliyestaafu, anayeshinda malishoni, asinyolewe. Ikiwa ni mwembamba, asinyolewe kwanza, anenepeshwe. Lakini ikiwa atafanya kazi siku nne au tano kwa juma na kurudi ameloa kila mara, basi kumwacha na koti lake ni kumtesa kwa jina la huruma.

Wasomaji wetu walio jeshini watalielewa jambo hili vizuri zaidi wakikumbushwa yaliyotokea katika Vita Kuu ya kwanza huko Ufaransa na Ubelgiji. Jeshi la Uingereza lilikuwa na farasi na nyumbu kwa mamia ya maelfu, wakivuta mizinga, risasi, mikate na majeruhi. Wanyama hao walishambuliwa na upele unaoletwa na utitiri, vidudu visivyoonekana vyema kwa macho, ambavyo hustawi chini ya manyoya marefu na huambukizwa kwa kugusana. Dawa ya upele haiwezi kuifikia ngozi ikiwa manyoya ni mazito. Basi ikaonekana ni busara kuwanyoa, na wengi wakanyolewa mwili mzima. Kwa upande wa upele hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Lakini majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 yakaja makali mno, mabanda yalikuwa machache, matope yalifika magotini, na chakula kikapungua. Vita vya Arras vilipoanza tarehe 9 Aprili 1917, theluji ilikuwa ikianguka. Farasi waliokuwa wamevuliwa koti, wakiwa wamedhoofika na kufungwa nje mvuani, walianguka na kufa kwa wingi, si kwa risasi bali kwa baridi na uchovu. Baada ya msiba huo amri zilibadilishwa: unyoaji ufanywe mapema katika vuli, ili manyoya yapate nafasi ya kuchipua tena kidogo kabla baridi kali haijafika.

Tumelisimulia jambo hilo kwa urefu kwa kuwa laonyesha kwamba kunyoa si uamuzi mmoja. Aliyeamua kunyoa ameamua pia kuhusu banda, blanketi na chakula, hata kama hajui kwamba ameamua. Kimoja kikikosekana, mashine ya kunyolea irudishwe sandukuni.

Sasa kuhusu wakati. Akinyoa mapema Septemba, koti la baridi lingali linakua, na baada ya majuma mawili farasi ataonekana kama shamba lililopaliliwa vibaya, nywele ndefu na fupi zimechanganyika. Yafaa angoje hadi koti likamilike, jambo ambalo kwa farasi wengi hutokea kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Atalitambuaje? Apitishe kiganja kinyume cha nywele ubavuni. Zikiwa nene chini hadi ngozi haionekani, na nywele za kiangazi hazitoki tena mkononi, basi wakati umefika. Dalili nyingine ni kumtazama farasi baada ya kazi ya kawaida. Ikiwa juma lililopita alikuwa anakauka kwa nusu saa, na juma hili saa moja inapita angali ameloa shingoni na kifuani, amekwisha kujibu swali mwenyewe. Manyoya yataendelea kukua, na huenda ikambidi kurudia kila baada ya majuma matatu hadi sita. Lakini ikifika mwisho wa Januari aache, kwa sababu baada ya hapo atakuwa anakata ncha za koti la kiangazi linalochipua.

Kiasi cha kunyoa nacho si kimoja. Kuna wanaonyoa sehemu ya mbele ya shingo na kifua peke yake, mahali panapotoka jasho kwanza. Kuna wanaonyoa chini ya shingo, tumboni, na ukanda wa chini ya mbavu mpaka pale zinapopita kamba za kuvutia gari. Mtindo huo ulitokana na farasi wa magari, na mgongo hubaki na koti lake. Kuna wanaonyoa shingo yote na nusu ya chini ya mwili, wakaacha mgongoni umbo kama la blanketi. Na kuna wanaonyoa kila kitu isipokuwa miguu na alama ya tandiko, kwa ajili ya farasi wa mbio ndefu na ruka za nguvu. Ushauri wetu kwa binti ambaye hamjui farasi huyu kwa zaidi ya majira mamoja ni aanze na kidogo. Kisichotosha Oktoba aweza kukiongeza Novemba. Kilichozidi hakirudishwi kwa gundi.

Siku ya kunyoa ichaguliwe iwe kavu na isiyo na upepo. Farasi awe safi na mkavu kabisa, maana vumbi na mafuta huufanya wembe wa mashine uwe butu na uvute nywele badala ya kuzikata. Wembe hupata moto. Auguse mara kwa mara kwa upande wa ndani wa mkono wake, na ukiwa wa kumchoma yeye, ujue unamchoma na farasi. Akate kinyume cha nywele, kwa mikato mirefu, ngozi ya kwenye mikunjo ya kiwiko na paja akiivuta taratibu kwa mkono wa pili. Kabla ya yote amsikilizishe mnyama mlio wa mashine kwa mbali, siku moja au mbili kabla. Na asimguse masharubu ya mdomoni, wala nywele zinazozunguka macho, wala zile za ndani ya masikio. Wengine huziondoa kwa ajili ya urembo. Masharubu hayo ndiyo vidole vya farasi, maana hawezi kukiona kilicho chini ya pua yake. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi limewazuia mashindanoni farasi walionyolewa masharubu tangu Julai 2021, na sisi twasema lilichelewa.

Tuje kwenye blanketi, ambako makosa huwa mengi zaidi, kwa sababu blanketi hulinunua mtu anayesikia baridi. Binadamu asiye na nguo huona raha kwenye digrii zinazokaribia 30. Farasi mzima hukaa bila kutumia nguvu ya ziada kati ya digrii 5 na 25 hivi. Na mwenye koti lake kamili la baridi, akiwa mkavu na mwenye shibe, huvumilia chini ya sifuri kwa kiasi ambacho kingetutisha. Hivyo mtunzaji akitetemeka saa kumi na mbili asubuhi ya Oktoba, hiyo ni habari kuhusu mtunzaji.

Farasi mwenyewe akiulizwa husema nini? Jambo hili si mzaha. Mwaka 2016 watafiti wa Norwei wakiongozwa na Cecilie Mejdell walitangaza kazi yao ya kuwafundisha farasi 23 kuchagua miongoni mwa vibao vitatu. Kibao chenye mstari wa kulala kilikuwa na maana ya "nivike", chenye mstari wa kusimama "nivue", na kisicho na mstari "niache nilivyo". Katika muda wa majuma mawili hivi wote walikuwa wameelewa, kwa dakika chache tu za mafunzo kila siku. Ikawa kwamba siku za hali njema waliokuwa wamevikwa waliomba kuvuliwa, na siku za mvua, upepo na baridi waliomba kuvikwa. Farasi wa binti hajasoma vibao hivyo, lakini funzo lapatikana: mvua na upepo vina neno kubwa kuliko namba ya kipimajoto peke yake.

Kwa hiyo farasi ambaye hajanyolewa, mwenye afya na mahali pa kujibanza, hana haja ya blanketi mwezi Oktoba. Mvua ikinyesha mchana kutwa pamoja na upepo, turubai jepesi lisilo na pamba ndani latosha, nalo livuliwe hali ikitulia. Aliyenyolewa ni habari nyingine. Lazima arudishiwe kile alichonyang'anywa, wala si zaidi yake. Mablanketi ya siku hizi huuzwa kwa gramu za pamba iliyomo ndani kwa kila mita ya mraba: 0, 100, 200, 300 na kuendelea. Farasi aliyenyolewa kifua na tumbo tu ataanza na turubai la gramu 0 au 100 usiku. Aliyenyolewa karibu mwili mzima atahitaji 100 au 200 tangu siku ile ile, kabla ya jua kutua. Yale ya 300 na zaidi yangoje baridi kali ya Desemba na Januari. Akumbuke pia kwamba blanketi zito huyalaza manyoya yaliyobaki, likaua lile godoro la hewa. Ndiyo maana blanketi jembamba juu ya koti nene laweza kumfanya farasi ahisi baridi kuliko angeachwa uchi.

Kipimo kilicho bora ni kiganja. Auingize mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega, kwenye mbavu. Pakiwa na joto la wastani na pakavu, sawa. Pakiwa na unyevunyevu au joto la kitanda, blanketi limezidi, na limezidi tangu usiku. Masikio ya baridi yasimtishe yakiwa peke yake. Lakini masikio ya baridi, mbavu za baridi na misuli inayotetemeka kwa pamoja ni wito wa kuongeza. Jasho chini ya blanketi ni hatari sawa na jasho chini ya manyoya, na hapo kazi yote ya kunyoa imekuwa bure.

Blanketi livuliwe kila siku, hata kama hakuna sababu. Chini yake hufichwa michubuko ya mabegani, ukanda uliokaza, na jambo baya kuliko yote, kukonda. Tumesikia habari za farasi waliovishwa Novemba wakiwa wanene na kufunuliwa Februari wakiwa mifupa, na wenyewe wakashangaa. Basi binti awe na utepe wa fundi cherehani, apime kifua cha farasi nyuma ya miguu ya mbele kila Jumapili na kuandika daftarini.

Wazee wa kazi hii walikuwa na njia moja ambayo ingali inafaa. Farasi akirudi ameloa, walimtandaza majani makavu mgongoni, wakamfunika juu yake kwa gunia, na hewa ikapita katikati hadi akakauka. Kisha wakamvisha blanketi lake safi. Siku hizi kuna vitambaa vinavyonyonya jasho na kulipeleka nje, lakini gunia na majani havina bei.

Na asisahau kwamba jiko la farasi liko tumboni. Majani makavu yakichachuka ndani ya utumbo mpana hutoa joto kwa saa nyingi, kuliko nafaka zinazosagwa upesi. Farasi wa kilo 500 ahitaji takriban kilo 10 za majani makavu kwa siku, na usiku wa baridi kali aongezewe hayo kwanza, kabla ya kufikiriwa blanketi la pili.

Jambo la mwisho, kwa kuwa farasi huyu ana miaka 14: ikiwa koti lake lilikuwa refu na lenye mawimbi hata mwezi Julai, na halikutoka kama la wenzake, hilo si suala la kunyoa tu. Iko maradhi ya tezi ya ubongo inayowapata farasi watu wazima, na daktari wa mifugo huitambua kwa kupima damu. Mama amwambie binti amwulize mwenye farasi kuhusu kiangazi kilichopita kabla hajachomeka mashine kwenye umeme.

Barua zinazohusu kideri cha kuku na mbuzi wanaotupa mimba zitajibiwa katika toleo lijalo.